Kuzuru Nakuru kwa Jicho la Kamera: Mwongozo wa Siku Mbili kwa Mpenzi wa Filamu

Msafiri anayefika Nakuru akitarajia kukuta studio zenye malango makubwa, au vibao vinavyoonyesha mahali mwigizaji fulani aliposimama, atazunguka Barabara ya Kenyatta mchana kutwa na kurudi alikolala mikono mitupu. Filamu kubwa zilipita katika kaunti hii kama wageni wa harusi: zilikuja na magari mengi, zikala, zikapiga picha, zikaondoka, na wenyeji wakabaki na masimulizi ambayo huongezeka chumvi kila yanaposimuliwa upya. Ndiyo maana ziara hii haina kiongozi rasmi wala tiketi moja ya kuingilia kote. Utajiongoza mwenyewe, na kitu cha kwanza utakachohitaji ni kujua unatafuta nini.

Kuna mahali pa aina tatu. Aina ya kwanza ni pale kamera ilipokanyaga kwa hakika. Aina ya pili ni pale hadithi ilipotokea, au pale aliyeiishi hadithi hiyo alipokaa, ingawa kamera ilipelekwa kwingine kabisa. Aina ya tatu, ambayo wageni wengi huisahau, ni pale watu wa Nakuru wenyewe walipoketi gizani kuzitazama filamu hizo. Usipotenganisha aina hizi tatu utaamini kila unaloambiwa, na utapiga picha mbele ya jiwe ambalo halikuonekana katika filamu yoyote.

Maandalizi ya nyumbani

Anza wiki moja kabla ya safari kwa kuzitazama filamu zenyewe. Ninapendekeza tano: Out of Africa ya mwaka 1985, iliyoelekezwa na Sydney Pollack na kunyakua tuzo 7 za Oscar, Born Free ya 1966, The Lion King ya vibonzo ya 1994, Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life ya 2003, na The First Grader ya 2010. Huna haja ya kuzitazama zote kwa makini ya mhakiki. Kazi yako ni kusimamisha filamu kila inapoonyesha mandhari mapana, kunasa picha ya skrini, na kuihifadhi katika simu yako ndani ya faili moja utakayoifungua bila intaneti.

Chagua picha zinazoonyesha mwamba, ukingo wa genge au mstari wa vilima dhidi ya anga. Miti hukua na kukatwa, maji hupanda na kushuka, barabara huhamishwa, lakini umbo la mwamba miaka ishirini au arubaini baadaye ni lile lile. Angalia pia vivuli. Wapigapicha wa filamu hupenda mwanga wa asubuhi na wa jioni, kwa sababu huku karibu na ikweta jua la saa sita hukaa utosini na kuifanya nchi yote ionekane bapa. Ukiona vivuli virefu katika picha yako ya skrini, nenda mahali hapo mapema au jioni, la sivyo utasimama penye mwamba wenyewe na usiutambue.

Katika mkoba weka betri ya ziada ya simu, maji, kofia, darubini ukiwa nayo, na kitambulisho cha taifa, kwa maana bila kitambulisho mkazi hawezi kudai kiwango cha mkazi langoni. Ada za mbuga hulipwa kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kwa kuwa viwango hubadilika, viangalie huko huko siku chache kabla ya kuondoka. Usibebe droni. Kuirusha kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Angani na, ndani ya mbuga, idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na askari wa langoni hawana mzaha katika jambo hilo. Picha za kumbukumbu kwa simu hazina tatizo. Lakini ukija na kundi, vinasa sauti na kamera za kazi kwa nia ya kutengeneza filamu ya biashara, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inakutaka upate kibali kwanza.

Siku ya kwanza: ziwa, kisha mji

Amka alfajiri. Mbuga ya Ziwa Nakuru hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na lango lake kuu liko umbali wa takribani kilomita nne tu kutoka katikati ya mji, hivyo hakuna kisingizio cha kuchelewa. Ndani ya mbuga hii huruhusiwi kutembea kwa miguu isipokuwa katika sehemu zilizotengwa, kwa hiyo unahitaji gari. Watu watatu au wanne wakichangishana hukodisha teksi ya nusu siku kwa bei isiyoumiza sana. Patana na dereva kabla hajawasha injini, na mweleze kwamba mtasimama mara nyingi, kwa sababu madereva wengine hukimbilia vifaru na kukurudisha mjini saa nne.

Mwambie akupeleke kwanza katika eneo la juu la kutazamia ambalo lenyewe limepewa jina la Out of Africa. Liko upande wa magenge ya magharibi, sawa na Baboon Cliff ambayo wageni wengi huijua zaidi. Kutoka hapo ziwa lote huwa chini ya miguu yako, na ndipo utaelewa kwa nini sehemu ya filamu hiyo inayokumbukwa kuliko zote haina maneno yoyote: eropleni ndogo ya manjano yenye jozi mbili za mabawa inapita juu ya nchi ya Bonde la Ufa, makundi ya ndege wa rangi ya waridi yanatimka chini yake, na Meryl Streep aliyeketi mbele ananyoosha mkono wake nyuma kumshika Robert Redford. Fungua picha yako ya skrini ukiwa umesimama hapo. Utakachokigundua mara moja ni kwamba ukingo wa maji wa zamani haupo tena.

Hapa inafaa kukaa kidogo na kuangalia. Tangu miaka ya 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda kwa kiasi cha kushangaza, na katika Ziwa Nakuru yalimeza lango kuu la zamani pamoja na vipande vya barabara iliyolizunguka ziwa. Migunga iliyokuwa nchi kavu imesimama majini ikiwa mikavu na myeupe kama mifupa. Heroe, ambao wengi wetu huwaita flamingo, hula mwani mdogo unaostawi katika maji yenye magadi mengi. Maji matamu ya mvua na mito yalipoongezeka, magadi yalipungua nguvu, mwani ukapungua, na makundi makubwa ya ndege hao yakahamia kwingine, hasa Ziwa Bogoria. Kwa hiyo mtu anayekuja kuutafuta ule uwanda waridi wa sinema anaweza kukuta mamia machache tu ya heroe pembezoni, na wari wengi zaidi. Asilalamike kwa dereva. Filamu ilihifadhi ziwa la miaka ya themanini, nalo ziwa halikuingia mkataba wa kubaki vile.

Toka mbugani kabla ya adhuhuri, ule chakula cha mchana mjini, kisha uanze sehemu ya pili, ambayo ni ya miguu.

Mji wa Nakuru, ambao ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ulikuwa na majumba ya sinema ambamo wazee wetu walitazama filamu za Kihindi na za wachunga ng'ombe wa Marekani. Majumba hayo yalikufa pale televisheni na kanda za video zilipoingia majumbani, na majengo yakachukuliwa na makanisa, maduka na maghala. Kuyatafuta ni mchezo mzuri wa alasiri. Tembea katika mitaa ya kati ukitazama juu badala ya kutazama bidhaa za barabarani. Jumba la sinema hujitambulisha kwa ukuta mrefu usio na madirisha, mlango mpana wenye paa lililojitokeza hadi juu ya watembea kwa miguu, milango midogo ya pembeni ya kutokea, na wakati mwingine nafasi tupu juu ya mlango ambapo mabango ya filamu yalining'inizwa. Ukiruhusiwa kuingia, tazama ukuta wa nyuma: matundu mawili au matatu ya mraba, juu kabisa, ndiyo yaliyokuwa yakipitisha mwanga wa projekta.

Niliwahi kuingia katika duka la fanicha nikiwa na nia ya kununua meza, nikashangaa kuona kila meza mle ndani imewekewa kipande cha mbao chini ya miguu miwili ya upande mmoja. Nilidhani fundi hakujua kupima. Muuzaji alicheka, akaweka kalamu sakafuni, nayo ikabingirika polepole kuelekea mwisho wa chumba mpaka ikagonga ukuta. Sakafu ilikuwa imeinama, kwa kuwa chumba kile kilijengwa ili anayeketi nyuma aone juu ya kichwa cha aliye mbele. Ukuta uliosimamisha kalamu ndio uliokuwa na skrini. Meza sikununua, ila tangu siku hiyo nabeba kalamu ya duara kila niingiapo katika jengo ninalolishuku, nami nakushauri ufanye hivyo.

Pitia pia Kipchoge Avenue uone ukumbi wa Nakuru Players, ambao ni wa michezo ya jukwaani na si wa filamu, lakini huwezi kuzungumzia uigizaji wa mji huu ukauruka. Kukiwa na onyesho jioni hiyo, nunua tiketi.

Kama hakuna onyesho, malizia siku katika kibanda cha video. Mitaa kama Kaptembwo na Bondeni haikosi chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni kubwa na ubao wa chaki nje unaotaja filamu za siku. Kiingilio ni cha sarafu. Hapa utasikia filamu za Marekani, China au India zikifunikwa na sauti ya msimulizi kama DJ Afro, ambaye hatafsiri maneno ya waigizaji hasa, bali husimulia, hutania, huwapa wahusika majina mapya na kumwonya shujaa kwa Kiswahili cha mtaani kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Wasomi wanaweza kukunja uso. Mimi naona kwamba hakuna mahali pengine katika ziara hii yote ambapo utaona sinema ikiwa hai kama hapa, kwa sababu nyingine zote ni nyayo tu. Keti nyuma, usipige picha nyuso za watu, na ukielewa utani, cheka kwa sauti kama wengine.

Siku ya pili: Naivasha

Panda matatu ya kwanza ya Naivasha, umbali wa kilomita 70 hivi. Ukifika mjini, badilisha upande matatu za Barabara ya Moi Kusini, zile zinazoelekea Kongoni, na umwambie kondakta akushushe kwenye njia panda ya Hell's Gate. Kutoka barabarani hadi lango la Elsa ni kama kilomita mbili. Karibu na hapo utapata baiskeli za kukodi, na hii ni mojawapo ya mbuga chache nchini zinazokuruhusu kuendesha baiskeli na kutembea katikati ya punda milia, twiga na ngiri.

Usichukue baiskeli ya kwanza unayopewa. Zungusha kanyagio, binya breki zote mbili, na ugeuze usukani huku gurudumu la mbele limeinuliwa. Ya kwangu ilitoa mnyororo mita chache tu kupita mnara wa Fischer, na nikatumia nusu saa nzuri ya mwanga wa asubuhi nikiwa nimechuchumaa, mikono imejaa grisi nyeusi, huku ngiri wawili wakinitazama bila huruma. Aliyenikodisha alisema kwa upole kwamba mnyororo huo huwa na tabia hiyo.

Mnara wa Fischer, uliopewa jina la mpelelezi Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huku mwaka 1883, ndio mwamba wa kwanza wa kulinganisha na picha zako. Hapa kuna mahali pa aina ya kwanza na pa aina ambayo haimo hata katika mgawanyo wangu. Sehemu za filamu ya Tomb Raider, Angelina Jolie akiwa mhusika mkuu, zilipigwa katika mbuga hii, kwa hiyo hapa kamera ilikanyaga kweli. Lakini mnamo Novemba 1991 walikuja watu wasio na kamera ya filamu wala waigizaji: kundi la watengenezaji wa The Lion King, ambao walizuru Hell's Gate ili kuisoma nchi kabla ya kuichora. Walichoondoka nacho ni rangi za magenge, jinsi mwanga unavyoangukia majani makavu, na maumbo ya miamba. Ndiyo maana mgeni aliyeitazama filamu hiyo utotoni husimama kati ya kuta hizi akihisi kwamba amewahi kufika, ingawa hatapata hata sehemu moja inayolingana na picha yake ya skrini mstari kwa mstari. Usijaribu kulazimisha. Kijana mmoja aliyetuongoza alinionyesha, kwa uhakika wa shahidi mahakamani, jiwe ambapo Simba, mhusika mkuu wa filamu hiyo, alizaliwa. Nilimshukuru na kulipiga picha.

Endesha baiskeli hadi kwenye kituo cha askari kilicho karibu na korongo la Njorowa, kisha uache baiskeli hapo. Kuhusu korongo lenyewe nitasema bila kuzunguka: uliza kama liko wazi, chukua mwongozaji wa hapo hapo, na usiingie ikiwa mvua inanyesha au mawingu yamejikusanya popote kwenye vilima vya jirani. Mafuriko ya ghafla yaliua vijana waliokuwa katika matembezi ya kanisa mwezi wa Aprili 2012, na yakaua tena watalii Septemba 2019. Maji hayatokei juu ya kichwa chako. Yanaweza kuanzia mbali ambako kumenyesha huku wewe ukiwa juani, yakabanwa na kuta nyembamba, na kukufikia kama ukuta mwingine. Miezi ya Machi hadi Mei ni ya kuwa mwangalifu zaidi. Ukikuta sehemu imefungwa, magenge ya juu na mnara wa kati vinatosha kabisa kwa kulinganisha picha, tena kwa mwanga bora.

Rudisha baiskeli mapema alasiri, urudi barabarani na upande matatu nyingine kuelekea Kongoni hadi Elsamere, mwendo mfupi mbele. Hii ni nyumba iliyo kando ya ziwa ambamo Joy Adamson aliishi, na ni mfano kamili wa mahali pa aina ya pili. Filamu ya Born Free, iliyosimulia jinsi yeye na mumewe George walivyomlea simba jike Elsa na kumrudisha porini, haikupigwa hapa. Ilipigwa upande wa Mlima Kenya, Naro Moru, huku Virginia McKenna na Bill Travers wakiigiza wawili hao. Hapa ndipo utakapokuta vitu vya mtu mwenyewe: michoro yake ya maua na ya watu wa makabila ya Kenya, vitabu, picha. Wageni huonyeshwa filamu ya maisha yake na kukaribishwa chai ya alasiri yenye keki na biskuti kwenye uwanja wa nyasi, chini ya migunga ambamo mbega weusi kwa weupe hurukaruka. Linda sahani yako. Mbega ni wapole kuliko nyani, lakini upole huo huishia penye keki.

Ukitazama filamu ya 1966 kwanza na kuja hapa baadaye, utaona jambo ambalo sinema ililiacha kando: mwanamke huyu alikuwa mchoraji kwa miaka mingi kabla ya kuwa mama wa simba. Aliuawa katika hifadhi ya Shaba Januari 1980, naye George aliuawa katika hifadhi ya Kora mwaka 1989.

Ukibaki na saa mbili kabla ya magharibi na fedha za mashua, Crescent Island iko upande wa pili wa ziwa, na hapo unatembea kwa miguu kati ya wanyama. Waongozaji husimulia kwamba wanyama wengi waliletwa kisiwani kwa ajili ya upigaji wa Out of Africa. Lisikilize kama simulizi, na ufurahie matembezi. Tahadhari ni moja: usisimame kati ya kiboko na maji jioni.

Kwa aliye na siku ya tatu

Panda gari la Eldoret, kilomita zipatazo 155 kutoka Nakuru, ili ufuate hadithi ya Kimani Maruge. Mzee huyu alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, mtaa wa Langas, Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, mwaka mmoja baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi bila malipo. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama wanafunzi wenzake, na mwaka uliofuata alisafiri hadi New York kuzungumza katika Umoja wa Mataifa kuhusu elimu. Katika The First Grader aliigizwa na Oliver Litondo, sura na sauti ambayo Wakenya wa rika fulani waliijua tangu enzi zake za utangazaji. Mzee hakuiona filamu. Alifariki Agosti 2009 na kuzikwa Subukia, ndani ya kaunti hii ya Nakuru.

Filamu ilipigwa katika shule nyingine ya Bonde la Ufa, kwa hiyo picha zako za skrini hazitakusaidia Langas. Kapkenduiyo ni shule inayofundisha, si makumbusho. Nenda siku ya wiki, uende kwanza katika ofisi ya mwalimu mkuu, ujitambulishe, ueleze nia yako, na ukiambiwa leo haiwezekani kwa sababu ya mitihani, aga na uondoke. Ukiruhusiwa, weka simu mfukoni mpaka uambiwe unaweza kuitoa, na usimpige picha mtoto yeyote. Omba kuonyeshwa darasa la kwanza, uketi kidogo kwenye dawati la nyuma. Magoti hayaingii chini ya ubao wake. Itakubidi ukae upande.